Kupanga fleti ugenini: hukumu za ijara kwa mfanyakazi aliyeko Dubai

SWALI:

Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Unguja, nafanya kazi Dubai, huu mwaka wa nne. Nimepanga fleti ya vyumba viwili mtaa wa Deira kwa jina langu. Kodi ni nzito kwa mshahara wangu, kwa hiyo nimewapangisha wenzangu sita vitanda. Kila mmoja hunilipa kwa mwezi, na alipoingia nilichukua kwake malipo ya mwezi mmoja kama dhamana. Mwenye nyumba hajui. Kila mwezi hubakiwa na ziada kidogo, naituma nyumbani kwa mama. Sasa nimepata kazi Abu Dhabi na nataka kuhama. Pesa za dhamana nimeshazitumia. Je, ziada ile ni halali? Na nikiwaachia wenzangu fleti bila ya kumwambia mwenyewe, nina dhambi?

JIBU:

Wa alaykumus salaam wa rahmatullaahi wa barakaatuh. Himdi zote anastahiki Allaah, na Swalah na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake.

Ama ba'd. Maswali ya namna hii yanatufikia kwa wingi kutoka Dubai, Muscat na Doha, na kila mmoja hudhani shida yake ni ya peke yake. Kwa hiyo tutaeleza mas-ala ya kupanga nyumba ugenini kwa ukamilifu, tukichukua mfano wa Dubai, kisha tutamjibu ndugu yetu mwishoni.

1. Ijara ni mkataba, na mkataba una wajibu

Kupanga nyumba katika fiqhi kunaitwa ijara, nako ni kuuziana manufaa kwa muda maalumu na kwa malipo maalumu. Nyumba inabaki ya mwenyewe, na wewe umenunua makazi ya ndani yake. Uhalali wake umethibiti katika Qur-aan, Sunnah na Ijmaa. Katika Suratul Qasas tunasoma jinsi Nabii Musa ('alayhis salaam) alivyoajiriwa na mzee wa Madyan kwa miaka minane, na akitaka, kumi: kazi inajulikana, muda unajulikana, na malipo yanajulikana. Kwenye nyumba pia mambo matatu lazima yajulikane: nyumba yenyewe, muda na kodi.

Wanachuoni wengi, wakiwemo Mashafi ambao ndio madhehebu ya watu wetu wa pwani, wanasema ijara ni mkataba unaofunga pande mbili. Hapana mmoja anayeweza kuuvunja peke yake katikati ya muda bila ya sababu inayokubalika. Sheria ya Dubai Na. 26 ya 2007, iliyorekebishwa na Sheria Na. 33 ya 2008, inasema hivyo hivyo: mkataba hauvunjwi ndani ya muda wake ila kwa maridhiano ya pande mbili. Na aya ya kwanza ya Suratul Maaidah imetuamrisha Waumini kutimiza mikataba, wala haikutenganisha mkataba wa nyumbani na wa ugenini, wala wa Muislamu na asiyekuwa Muislamu.

2. Kabla ya kutia saini

Wageni wengi huibiwa hapa. Mtu hujitokeza na funguo, anakuonesha fleti nzuri kwa bei ndogo, anataka pesa taslimu siku ile ile kwa kuwa "kuna mwengine anakuja jioni". Usitoe kitu mpaka uone hati ya umiliki, uhakikishe jina la mwenye nyumba ndilo lililo katika mkataba, na umtake dalali nambari yake ya usajili. Dalali wa Dubai anatakiwa awe amesajiliwa na mamlaka ya ardhi. Ada yake kwa mazoea ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka. Hiyo ni ju'ala au ujira wa kazi, nayo ni halali madhali imejulikana mapema.

Ukitakiwa utoe kitu cha kushikia nyumba, hiyo ndiyo arbuni. Jamhuri ya wanachuoni, na Mashafi miongoni mwao, wameikataza pale inapokuwa mwenye nyumba ataila mteja akibadili nia. Mahanbali wameiruhusu. Majma'ul Fiqhi ya Jeddah mwaka 1993 iliruhusu, katika kuuza na katika ijara, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekewe mpaka. Basi andika: ni kiasi gani, mpaka tarehe gani, na itarudi katika hali gani.

Mkataba ukishatiwa saini lazima usajiliwe katika mfumo wa Ejari, neno la Kiarabu lenye maana ya "ijara yangu". Bila ya Ejari hutaunganishiwa umeme na maji kwa jina lako, na hutaweza kumletea mkeo visa ya familia. Visa hiyo pia inataka mshahara usiopungua dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na makazi. Allaah katika aya ndefu ya Suratul Baqarah ametuelekeza kuandika deni la muda maalumu na kushuhudisha. Kodi inayolipwa kwa awamu imo ndani ya maana hiyo.

3. Dhamana

Kwa mazoea ya Dubai dhamana ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka kwa nyumba tupu, na asilimia 10 kwa nyumba yenye samani. Umeme na maji nao wana dhamana yao, dirhamu 2,000 kwa fleti.

Kisharia pesa hizi ni zako. Kazi yake ni kumlinda mwenye nyumba. Akizichanganya na mali yake na kuzitumia, zimekuwa deni shingoni mwake, na deni halifutiki kwa kusahauliwa. Mpangaji naye mkono wake juu ya nyumba ni mkono wa amana: halipi kilichoharibika ila alichokifanyia uadui au uzembe. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ya kukaa si jukumu lako. Mlango uliouvunja ni wako kuulipa. Sheria yao nayo inavumilia uchakavu wa kawaida. Piga picha kila chumba siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mwenye nyumba azione siku hiyo hiyo.

4. Hundi za tarehe za mbele

Dubai kodi ya mwaka hulipwa kwa hundi, moja hadi kumi na mbili, zenye tarehe za mbele. Kutoa hundi ya namna hii inafaa, kwani ni ahadi ya kulipa deni wakati wake. Haifai kuandika hundi nawe unajua kwamba siku hiyo hutakuwa na kitu, kwa kuwa huo ni udanganyifu. Tangu Januari 2022 wengi wameambiana kwamba hundi ikirudi haina tena jela. Ukweli ni kwamba ulaghai katika hundi bado ni kosa la jinai, na hundi iliyorudi imekuwa hati ya kupelekwa moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama.

Angalia pia kifungu cha faini ya kuchelewa. Ziada juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba, hata ikaitwa jina jengine. Omba kifungu hicho kiondolewe. Kikikataliwa na huna nyumba nyengine, jitahidi kulipa kwa wakati ili kisikufike. Gharama ya kweli iliyomfika mwenye nyumba, kama ada ya benki, hiyo ni haki yake.

5. Kupangisha ulichopanga

Asili kwa Mashafi ni kwamba mpangaji anamiliki manufaa, kwa hiyo anaweza kumpangisha mwengine, hata kwa bei ya juu. Mahanafi wanaizuia ile ziada, ila akiwa ameongeza kitu katika nyumba au kodi imekuwa ya jinsi nyengine. Hukumu hii ni ya pale ambapo hapana makatazo.

Dubai makatazo yapo. Kifungu cha 24 cha Sheria Na. 26 kinazuia kupangisha bila ya ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kifungu cha 25 kinampa mwenye nyumba haki ya kuwatoa wote wawili, aliyepanga na aliyepangishwa, na aliyepangishwa abaki na haki ya kumdai fidia yule aliyempangisha. Tena tangu Septemba 2022 wanaoishi pamoja wanatakiwa waandikishwe majina yao katika programu ya mamlaka ya ardhi. Amri ya mtawala katika jambo lisilo maasi hufuatwa, na Waislamu wanafungwa na sharti zao. Mgeni pia aliingia nchini kwa visa, na visa ni ahadi.

Ndugu zangu, zingatieni nani anayeumia. Usiku mmoja wa Ramadhani nilialikwa futari na vijana wetu katika fleti moja huko. Vitanda vya ghorofa vilipangwa mpaka ubavuni mwa jiko, na kila kitanda kilikuwa na pazia. Walikuwa na adabu na ukarimu wa kwao. Niliwauliza, "Mkataba uko kwa jina la nani?" Wakatazamana. Aliyekuwa na jina alikuwa ameshasafiri muda mrefu, na wao wanampelekea pesa mtu wa tatu. Watu wale walikuwa wakilipa kila mwezi, na siku ya kutolewa hakuna hata mmoja angeweza kuonesha karatasi kwamba anaishi pale.

6. Kuishi pamoja na wasio maharimu

Wanaume kwa wanaume kushirikiana fleti hapana ubaya, na wanawake kwa wanawake vivyo hivyo, kwa kuchunga sitara. Ama mwanamume na mwanamke wasio maharimu kushirikiana fleti moja, hata kila mmoja akiwa na chumba chake na mlango mmoja wa nje, haifai, kwa sababu ya faragha iliyokatazwa katika Hadithi sahihi. Nchi ile ilipolegeza sheria zake mwezi Novemba 2020, baadhi ya vijana walidhani hukumu imebadilika. Serikali kuacha kuadhibu jambo hakulifanyi kuwa halali.

7. Matengenezo, kupandishiwa kodi na kutolewa

Kwa Mashafi, nyumba ikiharibika na mwenyewe akafanya haraka kuitengeneza, mkataba unaendelea. Asipofanya, mpangaji ana khiyari ya kuvunja. Sheria ya Dubai inamtwika mwenye nyumba matengenezo, ila mkiandikiana vyengine, na inamzuia kukukatia maji au umeme ili utoke.

Kupandisha kodi ni wakati wa kuhuisha mkataba, kwa taarifa ya siku 90. Amri Na. 43 ya 2013 iliweka mipaka: kodi ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu haipandi, na nyongeza ya juu kabisa ni asilimia 20. Akitaka kukutoa muda ukiisha kwa sababu ya kuuza au kukaa mwenyewe, lazima akupe taarifa ya miezi 12 kupitia mthibitishaji wa hati au posta ya rejista. Mkigombana, kuna Kituo cha Migogoro ya Upangaji. Kudai haki yako hapo hakupingani na subira.

8. Mpangaji akifariki

Hili wengi hawalifikirii. Kwa jamhuri ya wanachuoni, tofauti na Mahanafi, ijara haivunjiki kwa kifo. Inahamia kwa warithi. Kifungu cha 27 kinasema vivyo, na kinawapa warithi haki ya kuusitisha mkataba kwa taarifa. Dhamana iliyobaki ni mirathi. Basi andika katika wasia wako: mkataba uko wapi, dhamana ni kiasi gani, na hundi ngapi zimebaki kwa mwenye nyumba. Mama yako Unguja hawezi kudai asichokijua.

9. Jibu kwa muulizaji

Ndugu yetu, tunakujibu kwa mafungu manne.

Kwanza, dhamana za wenzako sita ni deni lako, na kuwarudishia kunatangulia kuhama. Ukishindwa kwa mara moja, andikianeni kila mmoja kiasi chake na tarehe yake, mbele ya mashahidi. Ulichokuwa ukimtumia mama kilitoka pamoja na pesa hizi, na yeye hatakuwa radhi akijua. Wema kwa mzazi haufanywi kwa mali ya mwengine.

Pili, usiwaachie fleti kimya kimya. Nenda kwa mwenye nyumba umweleze hali ilivyo, umwombe radhi, na umwombe amwandikie mkataba mmoja wa wenzako au awape muda wa kutafuta pengine. Unaogopa atakasirika, na huenda akakasirika kweli. Ukinyamaza, wao ndio watakaokutwa ndani siku ya kutolewa, na jina lako ndilo litakaloandikwa katika kesi, nawe bado uko nchi hiyo hiyo.

Tatu, kuhusu ziada. Hatuthubutu kuiita haramu kama mali ya wizi, kwani manufaa ulikuwa umeyalipia, na wenzako walikaa kwa ridhaa yao. Lakini uliipata kwa kuvunja sharti uliloliridhia, na dhambi ya kuvunja ahadi ipo na inahitaji toba. Tunaloliona kuwa salama zaidi kwa dini yako ni kumwomba mwenye nyumba akuhalalishie. Akikataa, mpe kile mtakachosuluhishana. Asipopatikana, itoe sadaka kidogo kidogo kwa kadiri ya uwezo wako.

Nne, huko Abu Dhabi panga kile unachokiweza kwa jina lako, hata kama ni chumba kimoja kidogo. Ukihitaji wenza wa kusaidiana kodi, pata kwanza ruhusa ya maandishi, majina yao yaandikishwe, na kila mmoja awe na risiti yake. Uliyemtia chini ya jina lako ni amana yako.

Tunamuomba Allaah Awafanyie wepesi vijana wetu walioko ugenini, Awape makazi yenye utulivu na riziki ya halali, na Awarudishe kwa wazazi wao salama.

Na Allaah Anajua zaidi.