Nyeri: Mji Uliomea Kambini

Desemba 1902, baada ya mapigano na Wakikuyu wa Tetu, kikosi cha King's African Rifles kilipiga kambi chini ya kilima cha Nyeri. Mmoja wa maafisa wake, Richard Meinertzhagen, aliziandika habari za miezi hiyo katika shajara iliyochapwa mwaka 1957, pamoja na mauaji ya wanakijiji. Nyuma ya askari walifuata makarani, wapagazi, wachuuzi Waswahili na Wahindi wenye maduka. Murang'a, iliyoitwa Fort Hall enzi hizo, ilikuwa imeanza kama ngome. Embu nayo ilifuata mkondo huohuo mwaka 1906.

Ndiyo sababu karibu kila mji unaouzunguka Mlima Kenya una Majengo yake: nyumba zilizobanana, msikiti, na watu ambao babu zao walikuja na misafara na vikosi, wakabaki. Upande wa pili wa Nyeri, ule wa Wazungu, mambo yalikuwa mengine. Hoteli ya White Rhino ilifunguliwa mwaka 1910. Outspan ikafuata katika miaka ya 1920, na hapo ndipo Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipojengewa nyumba mwaka 1938 na kufariki Januari 1941. Bustani na maji ya bomba vilianzia huko.

Lakini kambi zilizoamua jinsi watu wengi wa Nyeri wanavyoishi leo ni za baadaye, na hazimo katika vitabu vya watalii. Hali ya Hatari, imajensi kama wazee wanavyoiita, ilitangazwa Oktoba 1952 ili kuuzima uasi wa Mau Mau. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu kwa nguvu kutoka maboma yao yaliyotawanyika mabondeni. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamefungiwa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye nyumba karibu 230,000.

Nyumba hizo zilijengwa na wanawake zaidi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, msituni, au wamekufa. Mtu aliona nyumba yake ya zamani ikiteketezwa, kisha akakata fito, akakanda udongo na kuezeka kibanda kipya katika mstari aliopimiwa na askari. Kijiji kilizungushiwa seng'enge na handaki lililochomekwa vijiti vilivyochongwa, na juu ya kijiji kilisimama kituo cha homugadi, mgambo wa serikali ya kikoloni, chenye mnara wa ulinzi. Kwenda mtoni au shambani kulitegemea saa za kafyu. Watu haohao walilazimishwa kuchimba handaki la maili 50 ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, kina chake futi 10 na upana futi 16, ili wapiganaji wa Mau Mau wasifikiwe na chakula. Katika kitabu chake Unbowed, Wangari Maathai alisimulia jinsi mama yake alivyoishi katika kijiji cha aina hiyo huko Ihithe. Vijiji hivi vilikuwa kambi za kijeshi zenye watoto ndani, na ni haki viitwe hivyo.

Vita vilipokuwa vikiendelea, ardhi ilianza kupimwa upya. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka vipande vya kila familia viunganishwe kuwa shamba moja lenye hati, na Nyeri ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotangulia. Kila mwenye ardhi alikatwa sehemu ya shamba lake kwa ajili ya shule, soko, zahanati, kanisa na barabara. Mara nyingi huduma hizo ziliwekwa palepale watu walipokuwa wamekusanywa, na vituo vingi vya homugadi viligeuka kuwa kambi za machifu.

Hali ya Hatari ilipoondolewa Januari 1960, wenye mashamba walihama na kwenda kujenga kwao. Waliobaki kijijini ni wale ambao upimaji haukuwapa kitu: wajane, waliokuwa kizuizini wakati mipaka inawekwa, na wenye vishamba visivyotosha hata nyumba. Hivyo aliyeteseka zaidi ndiye aliyebaki karibu na shule na zahanati, lakini bila shamba na bila hati.

Vijiji hivyo vingi vipo mpaka leo, kuanzia Othaya hadi Mathira. Katika kiwanja kimoja hubanana nyumba ya mbao na mabati, ya pili ya kijana aliyeoa, zizi la ng'ombe mmoja anayeletewa matete, tangi la plastiki chini ya mfereji wa paa, na choo cha shimo hatua chache kutoka dirisha la jirani. Kuzika nako ni mtihani, kwa kuwa kaburi linataka nafasi ambayo haipo. Benki haikubali kiwanja kisicho na hati kama dhamana, kwa hiyo nyumba huongezwa kipande kwa kipande, kadiri vibarua vya kuchuma kahawa na chai vinavyoruhusu.

Mjini mambo yamesonga. Kampuni ya maji ya NYEWASCO kwa miaka kadhaa imekuwa katika nafasi za juu miongoni mwa kampuni za maji nchini. Mradi wa KISIP, ulioanza mwaka 2011, uliiweka Nyeri na Embu katika orodha ya miji 15 ya kuboreshewa mitaa duni: barabara, mitaro, taa ndefu za mulika mwizi, na hati za viwanja.

Vijijini, serikali ya kaunti imekuwa ikipima viwanja ili wakazi wapate hati, jambo lililopaswa kufanyika miaka sitini iliyopita. Ugumu uko kwenye vijia. Kijia kilichomtosha mwanamke mwenye mzigo wa kuni mwaka 1955 hakipitishi gari la wagonjwa, wala lori la kunyonya vyoo. Ili kipanuliwe, kila jirani lazima akubali kupoteza hatua moja au mbili za kiwanja ambacho tayari hakimtoshi.