Kariakoo: Nyumba Zimeondoka, Mitaa Imebaki

Kariakoo ni sehemu ya jiji la Dar es Salaam iliyo kati ya viwanja vya Mnazi Mmoja na bonde la Mto Msimbazi. Mgeni huijua kwa soko lake. Kwa waliokulia humo tangu miaka ya 1930 hadi 1980, soko ni kipande tu cha mji wao: humo walisomea Kurani, humo walichagua timu ya kushabikia, humo walisikia dansi kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama nje ya ukumbi. Wengi walihamia Mbezi, Tegeta, Mombasa, Muscat na London. Wanaporudi kutembea hutafuta nyumba yenye namba wanayoikumbuka, wakakuta ghorofa. Lakini mtaa uko palepale, kona iko palepale, na jina limeandikwa ukutani kama zamani.

Kunyooka kwa mitaa hiyo ni kazi ya Wajerumani. Dar es Salaam yenyewe ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na mwaka 1891 Wajerumani wakaifanya makao makuu ya koloni lao. Walitaka Wazungu wakae ufukweni upande wa mashariki, Wahindi katikati na Waafrika nyuma yao, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la minazi. Mitaa ya nyuma ikapimwa kwa kamba, ikakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Kabla mpango haujakamilika Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka, na mwaka 1916 Waingereza wakaingia mjini.

Jina lilikuja na vita hivyo. Jeshi la Uingereza lilipopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki halikuwa na reli wala barabara za kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Mizigo ikabebwa na watu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa kwenye eneo hili. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor, iliyopata jina lake kwa njia hiyohiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na maradhi, njaa na uchovu viliwaua wengi kuliko risasi. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Baadhi ya majina ya mitaa ni ya vita hivyohivyo. Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa ni mahali pa kusini mwa Tanzania ambapo mapigano makali yalifanyika mwaka 1917, kati ya Julai na Oktoba. Vizazi vya watoto wa Kariakoo vimetumwa kununua chumvi Mtaa wa Narung'ombe bila kuambiwa kwamba jina hilo lilinunuliwa kwa damu. Katikati ya mji kuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, yenye maandishi ya Kiingereza na Kiswahili yanayowakumbuka askari na wapagazi pia. Aliyesimama juu yake, hata hivyo, ni askari peke yake. Ukumbusho mkubwa wa mpagazi mjini humu ni kitongoji hiki kinachoitwa kwa jina la kikosi chake.

Baada ya vita Waingereza waliendeleza mgawanyo uleule, na viwanja vya Mnazi Mmoja vikaachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na sehemu nyingine za mji. Jengo kubwa lililoachwa na Wajerumani likafunguliwa kuwa soko mwaka 1923. Pembeni yake wakaja Wazaramo, Wanyamwezi, Wamanyema, Wayao, Wangoni, Wangindo na watu wa visiwani, wakapata viwanja na kujenga nyumba za Kiswahili.

Nyumba hiyo ndiyo iliyowalea. Ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu uliotoka mlango wa mbele hadi uani. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la makuti, na baadaye la madebe yaliyokunjuliwa au mabati. Mwenye nyumba, ambaye wakati mwingine alikuwa mwanamke, alichukua chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, kila chumba kwa familia yake. Uani palikuwa na jiko, choo, bafu na kamba za kuanikia nguo, na hapo mama sita wa makabila tofauti walipika macho yao yakiwaangalia watoto wote kwa pamoja. Mtoto aliyekosea alichapwa na mpangaji yeyote aliyekuwa karibu. Barazani, mbele, wazee walikunywa kahawa kwa kashata, wakacheza bao na kutoa habari za mji. Kiswahili kilikuwa lugha ya ukumbi na uani, kwa sababu hakuna kabila lililoweza kuendesha nyumba hiyo kwa lugha yake peke yake. Watu wanaposifu umoja wa Watanzania hutaja hotuba na sera, nao wana haki, lakini nyumba ya vyumba sita ilitangulia.

Siasa zilizaliwa katika mabaraza hayo. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa mwaka 1929, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Kleist Sykes. Ofisi yake ilikuwa New Street, kwenye ukingo wa Kariakoo na Mnazi Mmoja. Humo ndimo chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, Julius Nyerere akiwa rais wake, na wana wawili wa Kleist, Abdulwahid na Ally, wakiwa kati ya waanzilishi wake. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji maarufu wa kikundi cha ngoma kabla ya kuongoza wanawake wa chama hicho, na kupitia vikundi vya ngoma habari zilienda nyumba kwa nyumba kwa kasi ambayo hakuna gazeti lingeifikia. Baada ya Uhuru, New Street ikawa Mtaa wa Lumumba na Kichwele ikawa Uhuru. Wazee wachache bado husema Kichwele.

Mpira ulikuwa na mipaka yake. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Simba, iliyoanza mwaka uliofuata na kupata jina hilo mwaka 1971, iko Mtaa wa Msimbazi. Kwa upande wa muziki, bendi ya Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932, na baadaye zikaja Kilwa Jazz na Western Jazz, na dansi la Jumamosi katika ukumbi wa Arnautoglu.

Mwaka 1975 soko la zamani lilipisha jipya. Msanifu wake alikuwa Mtanzania, Beda Amuli, naye alibuni jengo la zege lenye nguzo zinazofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa. Mvua ilinyesha ndani ya miavuli hiyo na kuteremka kupitia nguzo hadi kwenye matangi ya chini. Upepo ulipita pande zote, na chini ya ardhi kulikuwa na nafasi ya kushushia mizigo. Ni moja ya majengo bora yaliyowahi kujengwa nchini, na kijana wa Kariakoo wa wakati ule aliliona likipanda siku kwa siku.

Nyumba za vyumba sita ziliendelea kusimama. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuzikabidhi kwa Msajili wa Majumba, lakini nyumba za udongo hazikufikia thamani hiyo. Kilichoziondoa ni biashara. Baada ya milango ya uchumi kufunguliwa wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985, kila chumba cha mbele kikawa fremu ya duka, na wafanyabiashara wakafuata mizigo Dubai, kisha Guangzhou. Wanunuzi wakaja kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Kiwanja kikawa na thamani kuliko nyumba iliyokuwa juu yake. Warithi waliuza, au waliingia ubia na mwekezaji na kupewa sakafu moja ya ghorofa. Familia zikahamia pembezoni, na usiku mitaa iliyojaa watoto ikabaki na walinzi na mabohari.

Tarehe 10 Julai 2021 soko la Amuli liliungua usiku. Ukarabati wake ulikwenda sambamba na ujenzi wa soko jipya pembeni. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka karibu na hapo na kuua watu zaidi ya 20.

Katika Mtaa wa Msimbazi sasa yanapita mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016. Makuli bado wanasukuma mikokoteni wakipiga kelele za kuomba njia, na mizigo mingine bado inabebwa kichwani. Nyumba chache za vyumba sita zimesalia kati ya maghorofa, nyingine zikiwa na baraza lililogeuzwa meza ya viatu. Anayetafuta kwao hahitaji ramani: hushuka Msimbazi, huuliza mitaa ya Narung'ombe na Sikukuu, na muuza maji aliyezaliwa juzi humwonyesha kona kwa kidole.