Karatasi ya mtoto, safari za mama

Nyuma ya vita ya 1945, Taiichi Ohno wa kiwanda cha Toyota, Japani, alihesabu hasara saba za kazi. Kungojea ni moja, kubeba kitu huku na kule ni ingine. Hata ofisini zimo.

Tuangalie kuandikisha mtoto. Sheria ya familia ya 1987 iliwapa wazazi siku 30. Ya 2016 ikafikisha 90. Lakini kwa sheria hiyo, aliyechelewa alitafuta kwanza hukumu tribinali, kisha akaipeleka komini. Alingoja mara mbili. Mimi naona karatasi ndiyo ingetembea, mama abaki na mtoto.

Mama, kama siku 90 hazijaisha, pitia komini sasa, tribinali haihitajiki.