Afisa wa Uhamiaji kama Mhakiki: Utunzi na Ukaazi wa Kudumu Nchini Marekani

Historia ya wasanii wahamiaji aghalabu huandikwa kama historia ya watu waliokimbia: nani alifukuzwa, nani alimpokea, alitunga nini ugenini. Wahakiki wa fasihi hawajalipa uzito unaostahili swali la nani huzisoma kazi za mtunzi anapoomba kukaa, na huzisoma kwa vigezo gani.

Kesi ya Margaret Randall ni mfano bora. Mshairi huyu alizaliwa New York mwaka 1936, akahamia Mexico mwaka 1961, na huko akawa mhariri mwenza wa El Corno Emplumado, jarida la lugha mbili lililowakutanisha washairi wa Kihispania na wa Kiingereza. Mwaka 1967 alichukua uraia wa Mexico ili apate kazi kwa wepesi. Baada ya kuishi Kuba na Nikaragua, alirejea Marekani mwaka 1984 na kuomba ukaazi wa kudumu akitegemea jamaa zake waliokuwa raia. Randall hakuzitoa kazi zake kuwa hoja; ni serikali iliyozitoa. Ombi lilikataliwa mwaka 1985 chini ya Sheria ya McCarran-Walter ya 1952, iliyowazuia wageni walioandika au kuchapisha maandishi ya kueneza ukomunisti. Mwaka uliofuata hakimu wa uhamiaji aliamuru aondoke nchini.

Ni kweli kwamba mengi ya maandishi hayo yalikuwa ya nathari, na msimamo wa mwandishi haukufichika. Hata hivyo, usomaji unaochukulia kila ukurasa kuwa tamko la kiitikadi haubakizi nafasi ya nafsineni, kinaya wala muktadha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeurudishiwa uhakiki wa namna hiyo aufanye upya. Mwaka 1989 bodi ya rufani iliamua kwamba Randall hakuwahi kuupoteza uraia wake wa Marekani, maadamu aliuchukua ule wa Mexico kwa kushurutishwa na hali ya kiuchumi. Alishinda, lakini swali la iwapo utunzi unaweza kumnyima mtu makazi halikujibiwa.

Dennis Brutus aliipitia njia iliyo kinyume. Afrika Kusini ilikuwa imeyapiga marufuku maandishi yake na kumfunga katika Kisiwa cha Robben. Marekani ilipotaka kumwondoa, uadui huohuo wa makaburu ndio uliomkinga: alipewa hifadhi mwaka 1983. Kilichomhukumu nyumbani kikawa utetezi wake ugenini.

Sheria ya Uhamiaji ya 1990 ilivipunguza makali vifungu vya itikadi na kufungua mlango wa tatu. Msanii mwenye uwezo wa kipekee aliruhusiwa kujiombea ukaazi wa kudumu bila mwajiri. Asiye na tuzo kubwa ya kimataifa hutakiwa, chini ya kanuni za sheria hiyo, kutimiza angalau vigezo vitatu kati ya kumi, vikiwemo tuzo nyinginezo, maonyesho ya kazi zake, kushiriki kama mwamuzi wa kazi za wenzake, na maandishi yaliyochapishwa kumhusu. Mkakati wa mwombaji kwa hivyo ni wa kukusanya. Mtunzi hujenga jalada, na katika jalada hilo shairi lenyewe lina uzito mdogo kuliko makala yaliyoandikwa kulihusu.

Hapa ndipo mhakiki wa Kiswahili anapoingia bila kualikwa. Malenga ambaye sifa yake imeenezwa na redio, harusi na mashindano ya papo kwa papo hana karatasi ya kuonyesha. Kanuni zinakubali ushahidi unaolingana na ule ulioorodheshwa, lakini mzigo wa kuonyesha ulinganifu huo ni wa mwombaji. Kila hati isiyo ya Kiingereza sharti iambatane na tafsiri kamili iliyothibitishwa na mfasiri. Makala ya arudhi yaliyochapishwa Nairobi hufika mezani mwa afisa yakiwa yamepoteza vina na mizani vilivyokuwa vikijadiliwa.

Tangu uamuzi wa mahakama ya rufani katika kesi ya Kazarian mwaka 2010, maombi hayo hupimwa kwa hatua mbili. Kwanza vigezo huhesabiwa. Kisha afisa huutazama ushahidi wote kwa jumla na kuamua iwapo mwombaji yumo miongoni mwa wachache waliofika kileleni mwa fani yake. Hatua ya kwanza ni hesabu. Ya pili ni uhakiki, na anayeufanya si lazima awe ameusoma ushairi wenyewe.