Chozi wa Itombwe na uyoga wa kichuguu

Ndege mvumaji, yule mdogo anayesimama hewani mbele ya ua, anaishi katika bara la Amerika tu. Kwetu Fizi kazi yake inafanywa na chozi. Hapa tunamlinganisha chozi wa Rockefeller (Cinnyris rockefelleri) na uyoga mdogo wa kichuguu (Termitomyces microcarpus).

Makao: Baraka iko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Chozi tunaowaona mjini ni wa aina nyingine. Huyu wa Rockefeller, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1932, anakaa juu ya mita 2,000, katika Itombwe na milima mingine michache ya mashariki ya Kongo. Uyoga wetu unaota sehemu nyingi za Afrika, lakini mahali penye mchwa tu.

Chakula: Chozi hunyonya maji matamu ya maua kwa mdomo wake uliopinda, tena hula wadudu. Akitoka ua hadi ua hubeba chavua, na mimea inazaa. Uyoga hauna mdomo wala majani mabichi. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, hutengeneza bustani ndani ya kichuguu, na uyoga huvilainisha mpaka mchwa waweze kuvila. Mvua zikianza, mchwa hutoa vipande vya bustani hiyo nje, na uyoga mweupe hutokea kwa wingi juu ya ardhi.

Ukoo: Uyoga si mmea. Kwa wataalamu, uko karibu zaidi na wanyama kuliko na mihogo yetu.

Kinachowafananisha: hakuna anayeishi peke yake. Msitu ukichomwa, maua yanakwisha na chozi anakosa chakula. Kichuguu kikivunjwa chote kwa udongo wa matofali, mchwa wanakufa, na mboga ile ya msimu wa mvua haipatikani tena pale.

Hifadhi ya Asili ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006, lakini vichuguu vingi viko mashambani mwetu. Tunapolima, tuviache vingine vizima. Na tunapochuma, tule ule tu ambao mama zetu wanaujua vizuri, kwa sababu kuna uyoga mwingine mweupe unaoua.