Leseni ya Kula Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayependa kuonja hoteli za mji wake huzunguka kwa mpangilio anaoudhani ni wake mwenyewe. Siku moja atakula bhajia za Maru au chapati kwa ndengu upande wa River Road, siku nyingine nyama choma Kenyatta Market, na mwisho wa mwezi mkahawa wa Lavington au Westlands wenye kahawa iliyochorwa jani kwa povu la maziwa. Akiulizwa, atasema anafuata ladha. Nasema ladha ilifika baadaye. Kilichoamua chakula gani kipikwe mtaa gani, kwa bei gani na mbele ya mteja wa aina gani, ni sheria za makazi, leseni na mishahara ya mji uliojengwa kwa ajili ya watu wachache na kuendeshwa kwa jasho la wengi. Anayezunguka leo kutafuta pahali pazuri pa kula anatembea juu ya mistari iliyochorwa kabla babu yake hajapewa kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika wakati wa ukoloni.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na zaidi ya wafanyakazi 30,000 walikuwa wameletwa kutoka India ili kuijenga. Miaka michache tu baadaye mji ulikuwa tayari na namna mbili za kula nje. Ya kwanza ilikuwa ya wazungu: Stanley, iliyoanzishwa na Mayence Bent mwaka wa 1902, na Norfolk, iliyofungua milango yake siku ya Krismasi 1904. Ya pili ilikuwa ya Barabara ya Bazaar, ile tunayoiita leo Biashara Street, ambako maduka ya Wahindi yaliuza nafaka, nguo, viungo na chakula kilichopikwa. Tauni ilipozuka mwaka wa 1902, wakuu wa mji waliamuru bazaar ichomwe moto. Mwaka wa 1913 mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, alipendekeza watu watengwe mjini kwa rangi zao, kwa hoja hiyohiyo ya usafi. Lugha ya kitabibu ilifunika jambo la kisiasa, na hoja hiyo ya usafi tutakutana nayo tena. Jinsi hoteli za wazungu zilivyokuwa sehemu ya utawala wenyewe ilionekana wazi tarehe 16 Machi 1922. Umati ulipokusanyika kudai Harry Thuku, kiongozi wa siasa aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe, walowezi waliokuwa kwenye varanda ya Norfolk walijiunga na polisi kuwafyatulia risasi watu waliokuwa ng'ambo ya barabara.

Mwafrika aliyefanya kazi mjini alikula wapi basi? Mfumo wa mshahara ulimhesabu kuwa mwanamume peke yake, mgeni wa muda, ambaye mke na watoto wake walibaki shambani wakijilisha. Alipewa nafasi ya kitanda, si nyumba, na mara nyingi hakuwa na jiko la maana. Wanaume waliwazidi wanawake mjini mara kadhaa. Mtu wa namna hiyo hana budi kununua chakula kilichoiva. Hapo ndipo ilipozaliwa hoteli ya Kenya kama tunavyoijua: chumba kimoja, mabenchi, birika kubwa, mandazi ndani ya kabati la kioo, na bei zilizoandikwa ukutani. Wanawake wa Pangani na Pumwani waliuza chakula na chai milangoni mwao miongo mingi kabla ya neno mjasiriamali kuingia kwenye hotuba za serikali.

Tazama kilichokuwa ndani ya kikombe. Chai yenyewe ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa zikaanza mashamba ya Kericho. Maziwa yalitoka kwa wafugaji walowezi waliounda ushirika wa maziwa, KCC, mwaka wa 1925. Unga wa ngano wa mandazi na chapati ulisagwa na kampuni ya Unga, iliyoanzishwa na Lord Delamere mwaka wa 1908. Sukari ilitoka Miwani. Namna ya kuchemsha majani pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja ilikuwa ya Mhindi. Kwa hiyo kifungua kinywa ambacho Mkenya anakiona cha kienyeji kuliko vyote, chai ya maziwa na mandazi mawili, kiliunganishwa na uchumi wa mlowezi, mapishi ya mhamiaji na njaa ya kibarua aliyetakiwa kuwa kazini alfajiri. Sisemi hivyo kukidharau. Kilikuwa chakula cha bei nafuu, chenye moto na nguvu, na hakuna mkahawa uliofunguliwa tangu wakati huo uliowahi kulisha watu wengi kiasi hicho kila asubuhi.

Kuna wanaopinga maelezo haya kwa kusema kwamba Waafrika hawakuwa na desturi ya kula nje, na kwamba kwa hivyo mikahawa ya katikati ya mji ilibaki ya wazungu na Wahindi kwa sababu ya mila, si ya sheria. Hoja hii haisimami kwenye ushahidi. Kwanza, wafanyakazi walikula nje kila siku. Walichokosa ni pa kuketi katikati ya mji. Pili, ilipofika mwaka wa 1946 ilibidi klabu maalum, United Kenya Club, ianzishwe ili Mwafrika, Mhindi na mzungu waweze kula chakula cha mchana meza moja. Mji ambao unahitaji kuunda klabu ili watu wa rangi tatu wale pamoja hauna tatizo la mila za mapishi. Tatu, kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, maarufu kwa jina la Carpenter, ilikiri mwaka wa 1954 kwamba mshahara wa mseja haukutosha kulisha familia mjini, ikapendekeza ubadilishwe. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Operesheni Anvil, msako wa jeshi la Uingereza dhidi ya Mau Mau, ilizingira Nairobi na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Hoteli nyingi za chai ziliendeshwa na watu wa jamii hizo. Biashara inayoweza kufutwa kwa operesheni moja ya jeshi haiwezi kuelezwa kwa mila peke yake.

Upande wa magharibi wa mji hadithi ina kinaya chake, na kinaya hicho ni cha kahawa. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda kahawa St Austin's, katika eneo tunaloliita Lavington, miaka ileile reli ilipofika. Mashamba ya kahawa yalienea kuelekea Kiambu, na kusini-magharibi mlowezi Karen Blixen alijaribu bahati yake chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi aliposhindwa mwaka wa 1931. Mwafrika alichuma kahawa hiyo, akaibeba na kuikausha, lakini hakuruhusiwa kuipanda. Vibali vya kwanza vya majaribio vilitolewa miaka ya 1930 kwa wakulima wachache wa Kisii, Meru na Embu, na ni mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 uliofungua mlango kwa upana, Mau Mau ikiwa bado inapamba moto. Zao likauzwa ng'ambo, na mpaka leo sehemu kubwa mno yake huuzwa huko. Nchi inayosifiwa duniani kwa kahawa ikabaki nchi ya wanywaji chai. Watu husema ni ladha ya Wakenya. Mimi naona ladha haiwezi kulaumiwa kwa kutozoea kitu ambacho sheria ilikizuia shambani na soko likakiondoa bandarini.

Mashamba hayo yalipogeuzwa viwanja vya makazi, Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilipangwa kuwa mitaa ya nyumba kubwa zenye nusu ekari na zaidi. Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la sera la serikali ya Uingereza, uliacha wazo la kuwatenga watu mijini kwa sheria, lakini masharti ndani ya hati za ardhi yaliendeleza kazi hiyo kimyakimya. Wapishi, watunza bustani na yaya waliishi nyuma ya nyumba hizo, kwenye vyumba vidogo, au walitembea kutoka Kawangware, Kangemi na Dagoretti, maeneo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu na kuingizwa ndani ya mipaka ya jiji wakati wa uhuru. Ndiyo maana hadi leo hoteli za githeri, matumbo na chapo za magharibi ya Nairobi zimebanana kwenye ukingo: Kawangware, Kangemi, Dagoretti Corner. Nyama choma ilifuata mkondo huohuo. Mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mwafrika hakuruhusiwa bia ya chupa. Ilipohalalishwa, leseni ya baa na leseni ya bucha zikakaa ukuta mmoja, na mteja akazoea kuchagua nyama kwa kilo mbele na kuila nyuma na kachumbari. Kenyatta Market ilisitawi kwa mtindo huu.

Uhuru uliondoa kizuizi cha rangi, lakini leseni ilibaki chombo cha serikali. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo fulani, na maelfu ya Wahindi wakaondoka nchini. Hoteli nyingi za River Road, Latema na pembeni mwake zikapata wenyewe wapya. Cha kushangaza ni kwamba orodha ya chakula haikubadilika sana. Sambusa, chapati, pilau, karanga, chai ya maziwa, vyote vilibaki, na mukimo na matumbo vikaongezwa. Mpishi aliyekuwa jikoni akawa mwenye hoteli, na alijua wateja wanataka nini. Wakati huohuo Thorn Tree, mkahawa uliofunguliwa mwaka wa 1959 mbele ya hoteli ya New Stanley, uliendelea kuwa mahali pa watalii kubandika ujumbe kwenye mti wa mgunga. Kutoka hapo hadi River Road ni mwendo wa dakika kumi, lakini wafanyakazi wa ofisi waliolipwa mishahara ya kawaida walijua vizuri upande ulio wao.

Wapo watakaojibu kwamba haya yote yalikwisha, na kwamba Java House, iliyofunguliwa Adams Arcade mwaka wa 1999, ndiyo ushahidi: kahawa ya Kenya ikaanza kunywewa na Wakenya, bila kuulizwa rangi wala kabila. Nakubali kwamba yalikuwa mageuzi makubwa. Lakini tazama mahali. Mkahawa huo haukuanzia katikati ya mji bali Ngong Road, kwenye jengo la maduka ya miaka ya 1950, penye nafasi ya kuegesha gari. Mlipuko wa bomu wa Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani ulikuwa umeshawatisha wengi kuhusu katikati ya mji, na ofisi zikazidi kuhamia Upper Hill na Westlands. Majengo ya maduka ya Junction, Yaya na Sarit yakawa ndiyo sebule za tabaka la kati. Kizuizi kipya ni bei ya kikombe, gari la kukufikisha, na mlinzi wa langoni ambaye baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate mwaka wa 2013 anapekua mifuko ya kila mtu. Kwamba haya hayataji rangi hakuyafanyi yasiwe mpaka. Januari 2022, KFC iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa kutoka ng'ambo, huku vibanda vya chipsi vya Kawangware vikikaanga viazi vya Nyandarua bila shida. Wakenya waliokasirika siku hizo waliona jambo la kweli: jiko la mkahawa wa magharibi linaweza kuwa mbali na shamba la Kenya hata likiwa kilomita kumi kutoka Kiambu.

Hoja iliyo ngumu zaidi kujibu ni ile ya afya. Maji machafu huua, na Kaunti ya Nairobi ina haki ya kudai cheti cha mpishi na choo. Hilo sibishani nalo. Ninachouliza ni kwa nini sheria ya usafi huanguka upande mmoja siku zote, tangu bazaar ilipochomwa mwaka wa 1902 hadi vibanda vilipobomolewa mtaa wa Muoroto mwaka wa 1990 na operesheni za leo za kanjo, askari wa jiji. Mwaka wa 2017 kipindupindu kiliwapata wageni wa kongamano katika hoteli ya kifahari na kisha washiriki wa maonyesho pale KICC, mawaziri wakiwa miongoni mwa walioripotiwa kuugua. Hakuna tingatinga lililotumwa, na halikupaswa kutumwa. Majiko yalifungwa, yakapimwa, yakafunguliwa. Mama wa kibanda anastahili utaratibu huohuo: bomba, ukaguzi, onyo, muda wa kurekebisha.

Kilimani inatoa mfano wa sasa. Tangu nyumba za nusu ekari zianze kubomolewa ili kupisha maghorofa, mamia ya mafundi huingia mtaa huo kila asubuhi, na kila uwanja wa ujenzi huzaa kibanda chake cha mabati chenye madondo, skuma na ugali. Kilimani inalishwa tena kama Nairobi ilivyolishwa zamani, na watu wasiohesabiwa kuwa wakazi wake. Anayepitisha ramani ya ghorofa hupima nafasi za magari, matangi ya maji na ngazi za dharura. Mahali ambapo watu mia mbili watakula mchana kwa miaka miwili hapamo kwenye michoro, kwa hiyo kibanda huwekwa kando ya barabara, na kwa kuwa kiko kando ya barabara, ni haramu.