Vichocheo vya kutoa hidrojeni katika viowevu vya kikaboni

Vichocheo vya kutoa hidrojeni katika viowevu vya kikaboni ni dutu, hasa metali kama platini na paladi, zinazoharakisha mmenyuko ambamo kiowevu kilichobeba hidrojeni huiachilia kama gesi. Hidrojeni peke yake ni ngumu kusafirisha, kwa kuwa huhitaji shinikizo kubwa au baridi ya takriban sentigredi -253. Ikifungwa ndani ya kiowevu, hubebwa katika matangi ya kawaida kama mafuta.

Mfano unaofahamika zaidi ni toluini. Ikipokea hidrojeni huwa methilisaikloheksani, ambayo baadaye huirudisha, takriban asilimia 6.2 ya masi yake:

C7H14 → C7H8 + 3H2

Mmenyuko huu hudai joto, takriban kilojuli 68 kwa kila moli ya H2. Hiyo ni karibu robo ya nishati itakayopatikana hidrojeni hiyo ikichomwa. Wanafunzi wengi hudhani kichocheo bora kitafuta gharama hiyo. Hapana: kichocheo hushusha nishati ya kuanzisha mmenyuko, lakini hakibadilishi joto linalohitajika wala msawazo. Ndiyo sababu halijoto ya mtambo hubaki juu, kwa kawaida sentigredi 350 hadi 400.

Kinachotofautisha vichocheo ni usafi wa kazi na kudumu kwake, maana toluini ileile hutumika tena na tena. Nikeli ni rahisi kwa bei, na Mfaransa Paul Sabatier aliitumia kuingiza hidrojeni katika kampaundi za kikaboni, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Lakini kwenye joto kali huvunja pia vifungo vya kaboni kwa kaboni, hivyo sehemu ya toluini hupotea. Platini iliyotandazwa juu ya oksidi ya alumini huvunja kidogo zaidi. Adui yake ni masizi ya kaboni yanayofunika uso wa metali. Hujitokeza hasa penye asidi, kwa hiyo potasiamu huongezwa kuipunguza.

Kampuni ya Chiyoda ya Japani hutumia platini iliyotiwa sulfuri kidogo. Mwaka 2020 hidrojeni iliyosafirishwa kwa meli kutoka Brunei kwa njia hii ilitolewa huko Kawasaki.

Ethilikabazoli, inayotumia paladi, hudai joto pungufu, takriban kilojuli 50 kwa moli. Kasoro yake ni kwamba ikishaachia hidrojeni huganda chini ya sentigredi 68 hivi.